Mtamwaga Chang'aa Hadi Lini?

Kwenye mabaraza ya machifu kote Ukambani, mjadala wa ulevi huisha kabla ya kuanza. Chifu husimama, hutaja mitaa ambayo kila mtu anaijua, husema vijana wamekwisha, na wazee hutikisa vichwa. Kisha dawa hutolewa: mama pima, wale wauza chang'aa, wakamatwe, mitungi imwagwe, na yule kijana anayelala mtaroni apelekwe kanisani, au jeshini, au rumande. Atakayeuliza kwa nini kijana huyo anakunywa namna ile ataonekana anamtetea. Jibu lilishatolewa zamani: anakunywa kwa sababu pombe iko karibu, na kwa sababu hakulelewa vizuri.

Nalipinga jibu hilo, nusu zake zote mbili. Wengi wa wale tunaowaona wakinywa hadi kuanguka katika kaunti hii, kuanzia Mlolongo hadi Masinga, wanajitibu. Wanajitibu vibaya, kwa dawa isiyo na kipimo wala daktari, tena ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanao: hofu isiyowaacha, huzuni ya miaka, usingizi uliokatika, sauti zinazosema masikioni hali nyumba ni tupu. Tukiendelea kuichukulia pombe kuwa ndiyo tatizo lote, tutamwaga mitungi mpaka Mto Athi ulewe, na kesho yake watu walewale watakuwa mlangoni palepale.

Wenye msimamo ninaoupinga si wajinga, na hoja yao bora imeandikwa makaburini. Juni 2005, watu zaidi ya 40 walikufa hapa Machakos baada ya kunywa chang'aa iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli hulewesha kama pombe nyingine. Ubaya wake huja saa kadhaa baadaye, ini linapoigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa jicho na kuzizuia seli za mwili kutumia oksijeni. Mwaka 2000 Nairobi ilikuwa imezika zaidi ya watu 100 waliouawa na kumi kumi. Mei 2014 ikawa zamu ya Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Mwaka 2024 kikalia kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Aliyezika nduguye kwa njia hiyo ana haki ya kutaka mtungi uvunjwe, nami simlaumu. Anayewauzia watu sumu akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Hapo hatuna ugomvi.

Ila itazameni orodha hiyo tena. Kila msiba uliletewa msako, na kila msako ulifuatwa na msiba mwingine. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya EABL ilileta kegi ya Senator, serikali ikaipunguzia ushuru ili maskini waiache chang'aa. Mwaka uliofuata ndio huo wa maafa ya Machakos. Mwaka 2010 chang'aa ikahalalishwa kwa masharti na Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile ambayo wananchi waliipa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, na iliyofunga baa hadi saa 11 jioni siku za kazi. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe ya kizazi cha pili, ile kali ya bei rahisi, isakwe, na umati ukavunja maghala mbele ya kamera. Machi 2024 Kithure Kindiki, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, akatangaza masharti mengine 25. Julai 2025 sera mpya ikapendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21. Tumepiga marufuku, tumehalalisha, tumeshusha bei, tumeipandisha, tumebadilisha saa za kufungua. Mnywaji mwenyewe hatujamkalisha chini tukamuuliza analala saa ngapi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 wa Nacada, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 hunywa pombe, na kwamba karibu milioni 1.36 wa umri huo wana uraibu wake. Namba hizo kwa kawaida hutumiwa kututisha. Mimi nataka zitusaidie kufikiri. Kama pombe yenyewe ndiyo inayoteka watu, mbona zaidi ya nusu ya wanywaji hawajatekwa? Wanakaa baa ileile ya Masii, wanakunywa kegi ileile, wanalipa kwa M-Pesa. Saa tatu mmoja anaaga, mwenzake anabaki mpaka viti vipandishwe mezani. Tukisema ni malezi, mara nyingi hao wawili wametoka boma moja na wamenyonya ziwa moja. Damu ina mchango wake, maana uraibu hutembea katika koo. Bei nayo ina mchango, na ukosefu wa kazi pia. Lakini ukishaviondoa hivyo vyote bado kuna kitu kinabaki ambacho baraza halina jina lake.

Edward Khantzian, daktari wa akili wa Harvard, alikipa jina mwaka 1985. Alikuwa amewasikiliza wagonjwa wake wa heroini na kokeni kwa miaka, akaona kwamba walichokuwa wakikitafuta ni nafuu, na kwamba kila mmoja alikuwa ameng'ang'ania kile hasa kilichotuliza maumivu yake. Nadharia yake imepingwa tangu hapo, na kwa haki, kwa sababu si kila mraibu alianza akiwa mgonjwa, na pombe nayo huzaa sonona mahali ambapo haikuwepo. Njia ni ya kwenda na kurudi. Mimi sidai kwamba kila mlevi ana ugonjwa wa akili. Nadai kwamba hapa kwetu tumeamua hana, bila kumpima.

Mfikirieni mtu mmoja, wa kubuni, ingawa kila msomaji wa Machakos atadhani namzungumzia jirani yake. Ni kijana wa kupakia mchanga kwenye malori. Aliponea ajali katika barabara ya Mombasa, rafiki zake wakafa, na tangu siku hiyo saa nane usiku macho ni makavu. Jioni moja anapewa glasi. Ndani ya nusu saa kifua kinalegea. Hajidanganyi: pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kama ya breki, na huipunguza nguvu ile ya glutameti, ambayo ndiyo mafuta. Usiku huo analala. Tuseme ukweli ambao wahubiri wa kiasi hawapendi kuusikia: kwa usiku huo mmoja, hakuna ofisi ya serikali wala nyumba ya ibada iliyomsaidia kuliko mama pima.

Shida iko katika usiku wa ishirini. Ubongo umeona breki ikikanyagwa kila jioni, nao umejirekebisha, ukalegeza breki zake wenyewe na kuongeza mafuta. Pombe inapokwisha mwilini, usiku wa manane, hofu inarudi ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla hajaonja kitu. Hata usingizi alioupata ulikuwa wa kukatikakatika, kwa kuwa pombe huvuruga ule usingizi wa ndoto. Asubuhi mikono inatetemeka, na hawezi kushika sepetu kabla ya kutoa loki kwa glasi ya asubuhi. Sasa ana magonjwa mawili, na ugonjwa wa pili umeufunika wa kwanza hata mwenyewe hauoni. Ukimuuliza kwa nini anakunywa, atakwambia ni marafiki.

Miraa na muguka huingia kwa mlango mwingine. Vijiti vya Meru na majani ya Mbeere vina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Bawabu au dereva wa usiku hutafuna asisinzie. Aliyezama katika huzuni hutafuna ili kwa saa chache ajihisi yu hai, awe na maneno, awe na mipango. Kisha handasi, ule mchangamko wa kutafuna, lazima ishushwe, na kinachoishusha ni kegi au bangi, au vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa bila karatasi ya daktari. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipojaribu kupiga muguka marufuku, wakulima wa Embu walikuja juu, na kwa wiki kadhaa taifa zima likajadili ushuru, soko na mamlaka ya magavana. Mtafunaji alikuwa hayupo mezani.

Nisieleweke vibaya na upande wa pili. Wapo wenye huruma rahisi, wasemao: mwacheni, ana stresi, hiyo ndiyo dawa yake. Hawa nawaogopa zaidi kuliko machifu, kwa sababu maneno yao ni matamu na mnywaji huyapenda. Dawa inayoufanya ugonjwa uwe mkubwa kila wiki si dawa ya kuachiwa mtu. Tena pombe humwondolea aliyekata tamaa ile breki ya mwisho iliyokuwa ikimzuia kujidhuru. Kusema kwamba mtu anajitibu ni kusema kwamba ni mgonjwa. Na mgonjwa haachwi.

Machakos imewahi kupewa utambuzi mbovu wa namna hii, na kisa chake kinajulikana. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliitazama nchi hii, wakaona makorongo, vumbi na mifugo mingi, wakakata shauri kwamba tatizo ni Mkamba mwenyewe: anapenda ng'ombe kupita kiasi, haambiliki, hajui kutunza udongo. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kuhifadhi udongo, aliandika katika ripoti yake kwamba ardhi ya Machakos inageuka haraka kuwa jangwa la miamba, mawe na mchanga. Mwaka 1938 dawa ikaja kwa mabavu. Ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kilikuwa kikiwangoja pale Athi River. Wakamba kwa maelfu wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha unyakuzi ule.

Cha kuzingatia ni kwamba maofisa wale hawakuwa wanaota. Udongo kweli ulikuwa ukienda na maji. Walichokosea ni chanzo. Na kwa kukosea chanzo wakamnyang'anya mtu ng'ombe, ambaye kwa familia ya Ukambani ndiye aliyekuwa benki, bima na mahari. Hawakujiuliza ni ardhi gani iliyochukuliwa na walowezi hata mifugo ikabanana katika hifadhi ya Wakamba.

Baadaye ikawaje? Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos kilichowashangaza wengi. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta yaliyokata miteremko ya milima yetu yalichimbwa na watu walewale walioitwa wakaidi, wakichimba kwa vikundi vya mwethya, baada ya kuruhusiwa kupanda kahawa, kupata soko la mboga na matunda, na kutumiwa pesa na watoto waliokuwa wakifanya kazi mijini. Hakuna aliyewabadilisha tabia kwanza ndipo wakapewa njia. Njia ilipofunguka, ile tabia mbaya haikuonekana tena. Kila ninapoona askari akipiga teke mtungi ili apigwe picha, naona ripoti ya Maher mfukoni mwake.

Na hali ya leo ina jambo moja baya zaidi. Aliyenyang'anywa ng'ombe hakuweza kufa kwa kule kunyang'anywa. Mraibu wa miaka mingi aliyetupwa seli Ijumaa jioni anaweza kuanza degedege Jumamosi, na Jumapili akawa anaweweseka, anaona wadudu ukutani, moyo unamwenda mbio. Asipopata diazepamu, maji na vitamini B1, anaweza kufa. Anayeacha heroini huteseka sana, lakini ni nadra mateso hayo peke yake yamuue mtu mzima. Pombe, kinywaji chenye leseni, ndiyo inayoweza kuua kwa kuachwa ghafla. Kila afisa wa kliniki amefundishwa hilo chuoni. Afisa wa kituo cha polisi naye anapaswa kufundishwa, kabla ya kuambiwa aende msakoni.

Watu wa kanisa watasema tiba ipo, nayo ni wokovu. Sitaki mzaha na jambo hilo, kwa maana nimeona watu waliosimama wima kwa sababu ya kwaya, ibada ya katikati ya wiki na wazee waliowatembelea bila kuwahukumu. Kanisa humpa mtu wenzake, na upweke ni nusu ya maradhi. Lakini Africa Inland Mission ilipiga kambi yake ya kwanza Nzaui, hapa Ukambani, mwaka 1895, na vizazi kwa vizazi vya waumini wa kanisa lake, AIC, vimefundishwa kwamba mlokole haonji. Ingekuwa mahubiri peke yake yanatosha, Ukambani ingekuwa kavu kwa pombe kama ilivyo kavu kwa mvua. Anayesikia sauti, akiambiwa asali zaidi, akasali zaidi na sauti zisikome, atahitimisha kwamba amelaaniwa. Na aliyekwisha kujihesabu kuwa amelaaniwa haogopi tena kunywa.

Kuna na mlango wa mundu mue, mganga wa Kikamba. Nchi nzima hututania Wakamba kwa kamuti, yaani uchawi, nasi hucheka, lakini nyumba yenye mtoto aliyeanza kusema peke yake haicheki: inauza mbuzi, na pesa za mbuzi haziendi hospitali. Hata hapo dharau haijasaidia. Profesa David Ndetei, daktari wa akili, na wenzake walipofanya kazi Makueni, ambayo hadi 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, waliwakalisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya, wajadiliane nani amtume mgonjwa kwa nani na wakati gani. Ndetei huyohuyo, akiwa na mwenzake Muhangi, alikuwa amechapisha mwaka 1979 utafiti ulioonyesha kwamba kati ya wagonjwa waliofika kliniki ya kawaida mashambani, karibu mmoja kwa kila watano alikuwa na ugonjwa wa akili. Ni zaidi ya miaka 40 sasa tangu tuambiwe kwamba wagonjwa hawa wako kwenye foleni yetu ya kila siku, wakilalamikia kichwa na mgongo.

Sasa nigusie jambo ambalo baraza haligusi kabisa. Katika maduka ya dawa ya mji huu, mwanamke ambaye hajawahi kuonja pombe hununua Piriton kila wiki. Hana mafua. Amegundua kwamba dawa ile ya mzio humlaza, na mume wake hurudi usiku, na yeye angependa awe amelala. Kule Syokimau, meneja mwenye rehani ya nyumba hufungua wiski saa mbili usiku nyuma ya geti la umeme, peke yake, kila siku ya kazi. Kuna na askari aliyerudi kutoka Somalia, ambako jeshi letu limekuwa tangu Oktoba 2011, akiwa na kumbukumbu za shambulio la El Adde asizomsimulia mtu. Wanajeshi wa Ukambani ni wengi tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni. Hao watatu na yule kijana wa mchanga wanafanya kitu kilekile kwa sababu zinazofanana. Lakini msako huenda kwa mmoja tu, yule anayenywea mahali pasipo na ukuta. Kama hoja ingekuwa adabu, tungeanza na wiski. Ukweli ni kwamba tunaadhibu umaskini unaoonekana, halafu tunauita ulevi.

Tuseme basi kijana wetu amechoka, na nduguye amempandisha bodaboda hadi hospitali. Hapo hukutana na kanuni ambayo haijaandikwa popote lakini inajulikana: acha pombe kwanza, kisha urudi tuone kichwa. Akienda kituo cha kurekebisha waraibu, ikiwa familia inaweza kulipa, huambiwa kinyume chake, kwamba hapa tunashughulikia pombe, ya kichwa yana mahali pake. Anatupwa huku na huku kama mpira, na kwa kuwa kilichomfanya anywe ndicho hakijaguswa, anatoka baada ya miezi mitatu akiwa safi na akiwa na hofu yake yote nzima. Akirudia chupa, tunasema: si tulisema, huyu hana nia.

Kanuni hiyo ni mbovu kitabibu. Ni kweli kwamba baadhi ya huzuni ya mlevi huyeyuka yenyewe baada ya wiki mbili hadi nne bila pombe, na daktari mwenye busara husubiri kidogo kabla ya kuandika dawa ya muda mrefu. Lakini kusubiri ukiwa na mgonjwa mkononi, ukimpa dawa za kutuliza mshtuko wa kuacha na ukimsikiliza, ni tofauti na kumfungia mlango mpaka apone ndipo umtibu. Magonjwa mawili yaliyosukana hutibiwa pamoja, chumba kimoja, na watu wanaosemezana.

Nitaambiwa hatuna madaktari. Ni kweli hatuna. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya 2017 ilionyesha kwamba kati ya hospitali 284 za daraja la 4 na kuendelea nchini, ni 29 tu zilizokuwa na huduma za afya ya akili, na kwamba mgawo wa afya ya akili ulikuwa asilimia 0.01 ya matumizi ya serikali kwa afya. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Machakos ina watu 1,421,932 kwa sensa ya 2019, na kwa familia nyingi neno hospitali ya akili bado maana yake ni Mathari, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910.

Lakini upungufu wa madaktari bingwa hauwezi kuwa kisingizio cha milele, kwa sababu kazi kubwa hapa haihitaji bingwa. Eldoret, Rebecca Papas na wenzake waliwafundisha watu wasio na shahada za saikolojia kuendesha mazungumzo ya tiba kwa wagonjwa wa HIV waliokuwa wakinywa kupita kiasi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, asilimia 69 ya waliopewa tiba hiyo walisema hawakuwa wakinywa baada ya siku 90, wakati kwa waliopewa huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 38. Walikuwa watu 75 tu, utafiti mdogo, na maneno ya mnywaji kuhusu unywaji wake yana kasoro zake. Ila ni Wakenya, ni busaa na chang'aa, na ni Kiswahili kilichotumika. Hata dodoso la AUDIT, lile la maswali 10 ambalo dunia nzima hulitumia kupima unywaji wa hatari, lilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani kwa takwimu za nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Dunia ilitumia wanywaji wetu kujifunza namna ya kuuliza, nasi bado tunawamulika kwa tochi za askari.

Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Mhudumu huyo huingia nyumba zilezile ambazo wazee wa nyumba kumi huziripoti kwa chifu. Kumuuliza mtu maswali mawili, kama wiki hizi mbili amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda na kama amekuwa na huzuni au kukata tamaa, hakuhitaji betri. Akijibu ndiyo, pawe na afisa wa kliniki wa kumwona Kangundo, Matuu, Mwala au Kathiani, siku inayojulikana ya wiki, bila kumnusa pumzi kwanza mlangoni.

Sheria imeanza kusogea kabla yetu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kifungo cha hadi miaka miwili; Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mtu aliyekunywa ili asijiue, akashindwa, akaokolewa, sasa hapelekwi tena kortini. Anarudishwa nyumbani, kwa mama pima.

Mwenye kusema haya yote ni ghali atuletee kwanza hesabu ya misako ya Machakos: mafuta ya Land Cruiser, posho za maafisa, chakula cha mahabusu, kesi zinazoahirishwa, na mitungi iliyomwagwa mwaka jana, mwaka juzi na mwaka wa kabla yake. Akishaiweka mezani, nami nitaleta bei ya dawa ya sonona, fluoksetini, ya mwezi mmoja.